Kapu Lililotangulia Mizani

Tulimzika Nyanzala siku ya Alhamisi, mvua ikinyesha, na mimi nilikwenda mazikoni nimenuna. Nilikuwa nimemkasirikia marehemu. Miaka yote tulikubaliana kwamba nitatangulia mimi, maana mimi ndiye mwenye magoti mabovu na presha, na yeye ndiye aliyekuwa bado anateka maji mwenyewe na kuwagombeza wajukuu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Halafu akalala jioni moja, asubuhi hakuamka, basi. Baada ya maziko tulikaa chini ya turubai, tukaletewa wali na nyama kwenye sinia, na binti mmoja akanihimiza nile, akidhani majonzi ndiyo yaliyonifunga mdomo. Majonzi yalikuwepo, sikatai. Lakini nilikuwa nalitazama lile sinia na kukadiria uzito wake, kama ninavyofanya mbele ya kila chakula tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Wanangu hunicheka kwa hilo, wanasema mama alizaliwa sokoni. Sijapata kuwaeleza.

Mwaka ninaousema vita kubwa ilikuwa imekwisha, Mwingereza bado ameishika nchi, nami nilikuwa nimemaliza masomo ya misheni na kukaa Tabora mjini nikingoja nafasi ya kufundisha. Akaja mwanamke wa Kizungu kutoka chuo kikuu kimoja cha kwao, anatafuta msichana anayejua Kiingereza na Kinyamwezi, asiyeogopa kuishi porini. Nikajitia siogopi. Utafiti wake ulikuwa wa uchumi, lakini si uchumi wa mabenki. Alitaka kujua nyumba ya mkulima inakula nini mwaka mzima, nani anakula zaidi na nani kidogo, na baada ya kula hivyo inabakiwa na nguvu ya kulima kiasi gani. Wakubwa walitaka watu wa upande wa Sikonge waongeze tumbaku, naye alisema huwezi kumwongezea mtu shamba kabla hujafunua chungu chake. Mimi niliona hiyo ni akili, na mpaka leo naona hivyo. Wanakijiji walimpa jina siku ya kwanza tu: Bibi Mizani. Nikikumbuka sasa naona alikuwa msichana kama mimi, pua imebabuka kwa jua, miguuni viatu vikubwa vya kiume, ila rangi yake ilimwongezea umri machoni petu, hata watu wazima wakawa wanampa shikamoo. Yeye aliitikia marahaba kwa aibu, kwa kuwa nilishamweleza maana yake.

Tulikaa kwenye nyumba ya serikali ya wageni, pembeni mwa kijiji, kando ya tawi la ile njia ya zamani ya misafara lililotoka Tabora kuteremkia kusini. Ilikuwa nyumba ya udongo yenye vyumba viwili na baraza, na ndani ilinuka nta, maana kabla yetu watu walikuwa wakihifadhi humo asali ya kupeleka mjini. Mizani mikubwa ilining'inia barazani, midogo tulitembea nayo. Wataalamu wengine walipita na kulala siku mbili tatu: mmoja wa udongo, aliyechimba vishimo na kuonja mchanga kwa ulimi, na mwingine mhandisi wa malambo, aliyetafuta mahali pa kuzuia maji ya mvua. Walipokutana mezani walibishana mpaka supu ikapoa. Wa udongo alidai shida yote ya nchi hii ni udongo, wa malambo akadai ni maji, na Bibi Mizani akawaambia wamesahau kwamba kuna watu. Mimi nilikaa mwisho wa meza, kwa kuwa yeye alishikilia nikae, jambo lililomuudhi mpishi wetu, mzee wa mjini aliyewahi kuwapikia mabwana wakubwa. Sahani yangu aliitua kwa kishindo kila siku ya Mungu. Nilimzoea.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila nyumba tuliyoichagua ilipimwa juma zima, halafu tukahamia ya pili, mpaka mzunguko ukatimia tukaanza upya. Nilifika kabla mama hajabandika chungu. Nilipima unga, nikapima mboga, ugali ukiiva nikaupima, halafu fungu la kila mtu, na mwisho makombo. Kwa wanawake na watoto tuliweza. Wanaume walitushinda. Wao walikula uani pamoja, kutoka bakuli moja, na mpita njia akikaribishwa, na Bibi Mizani alitaka kila mmoja awe na sahani yake. Wee! Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja aliuliza kama wamefungwa jela, na mwingine akasema ajuaye kula peke yake ni mchawi. Tukaacha, tukapima bakuli zima na kugawanya kwa vichwa. Shida nyingine ilikuwa mimi mwenyewe. Nilikatazwa kula nyumba ninayoipima, nisiharibu hesabu, lakini ningekaaje jikoni kwa mama mtu nikakataa karibu yake? Ningeonekana nimelelewa na fisi. Tulipatana kwamba nitakula tonge moja, nalo linapitishwa kwenye mizani kwanza. Watoto walilipenda sana hilo tonge, walisogea kulitazama likipimwa kama wanatazama ngoma.

Nyanzala nilikutana naye hapo, kwenye nyumba ya tano ya mzunguko. Tulikuwa rika moja, ila yeye alishakuwa na watoto wawili, na mumewe alikuwa amekwenda pwani kukata mkonge. Alikuwa mchokozi. Alinishika kiuno siku ya pili akasema mimi ndiye wa kupimwa, maana nimekonda kama mchi, na watu wa misheni wamenifundisha kusoma wakasahau kunilisha. Mwenye nyumba lakini hakuwa yeye, alikuwa mama mkwe wake, ambaye kijiji kizima kilimwita Mayu, yaani mama. Alikuwa mrefu, mkavu, anavaa kaniki nyeusi safi, na Nyanzala hakumwamkia bila kupiga magoti. Baba yake Mayu alikuwa mpagazi, alibeba pembe mpaka pwani na kurudi, na mama yake alipikia misafara. Wapagazi walipofika hapo wamechoka walijua nyumba ya kukimbilia. Mayu alinihadithia hayo akiwa amekaa kwenye kigoda, akichambua nsansa, majani makavu ya kunde, na kila mara alimalizia kwamba katika ua ule hakuna mgeni aliyepata kuona chungu kitupu. Alisema hivyo bila kujisifu, kama mtu anayekuelekeza kisima kilipo.

Mvua za mwaka huo zilianza vizuri zikakatika, na mtama uliokuwa umebeba ukashukiwa na ndege, kwelea. Nilikuwa na macho. Niliona mavuno yameingia vihengeni kidogo, na kufikia mvua zilizofuata, miezi ile ambayo cha zamani kimekwisha na kipya bado kijani shambani, nilisikia njaa imewashika watu hata huko Igunga na Ziba kwenye ng'ombe. Kwetu mizani haikuonyesha hivyo. Nyumba baada ya nyumba unga ulikuwepo, ugali ulitosha, makombo yalibaki. Bibi Mizani alifurahi, si kwa ubaya, alifurahi kama mtu aliyeogopa kukuta mgonjwa akamkuta mzima. Jioni moja alikuja afisa kutoka Tabora akala nasi. Nilikuwa nakata mkate mwisho wa meza nikasikia yote, kwa kuwa walisahau kuwa nipo. Kulikuwa na mahindi ya serikali kwenye stesheni ya reli, hayatoshi kila mahali, na afisa alingoja vipimo vyetu ili ajue kama kijiji chetu kihesabiwe. Bibi Mizani akamwambia kwamba kwa mizani inavyosema, watu hawa wanajimudu. Akaongeza kwamba wanakijiji wasijue habari ya mahindi, maana wakijua wataficha chakula na vipimo vyote vitakuwa bure. Afisa akaafiki. Mimi mwenyewe niliona ni busara, nikapaka siagi mkate wangu.

Siku chache baadaye nilikuwa kwa Nyanzala, nyuma ya jiko, naosha sahani za mizani. Ndani, kwenye mawe ya kusagia, alikuwa amekaa na jirani yake, na ukuta ule ulikuwa wa fito na udongo uliopasuka. Jirani alikuwa anauliza kama juma letu pale linakwisha kesho. Nyanzala akasema ndiyo, mizani inahamia kwako, tuma mtoto jioni achukue kapu, ila umwambie apite shambani, Vero, yaani mimi, asimwone. Jirani akauliza limebaki kiasi gani. Nyanzala akajibu kwamba hakikubaki kingi, wamelipunguza kidogo kwa ajili ya watoto, na akaomba radhi kwa sauti ya chini. Nilisimama pale na maji yakinitiririka viganjani. Nikaelewa kwa nini kila nyumba ilikuwa na unga ule ule wa mtama mwekundu uliochanganywa na muhogo. Kijiji kizima kilikuwa kimechanga unga wake wa mwisho kwenye kapu moja, na kapu hilo lilitutangulia nyumba kwa nyumba. Tulikuwa tunapima chakula kile kile mzunguko mzima. Juma ambalo mizani haipo, watu walikula majani.

Sikuona njia isipokuwa kusema. Nilimwendea Mayu mchana ule ule, nikapiga magoti, nikamweleza habari ya mahindi ya stesheni, ingawa nilisikia wakisema isijulikane. Nilimwambia vyungu vikionekana jinsi vilivyo, chakula kitaletwa. Nilidhani atafurahi. Alichambua majani yake, halafu akaniuliza kama yule binti wa watu, Bibi Mizani, si mgeni. Nikasema ni mgeni. Akaniuliza kama kwetu Tabora mgeni akifika mlangoni huonyeshwa njaa ya mwenye nyumba kwanza ndipo apewe kigoda. Nikamjibu kwamba huyu si mgeni wa kula, ni mgeni wa kupima. "Mwanangu," akasema, "mgeni hana aina. Mimi nitakufa, na nyumba hii itabaki njiani hapa hapa. Nisiache ikatajwa kwamba ililia njaa." Nyanzala alikuwa mlangoni, alisikia, akanitazama mimi kisha akatazama chini.

Nikaenda kwa Bibi Mizani. Alipauka. Alikaa kwenye sanduku lake la vitabu, mikono kichwani, akaniuliza maswali mengi, na nilimwona anaamini kila neno. Lakini aliamini kwa moyo, na kwa kazi yake moyo haukutosha. Aliniambia kwamba hawezi kumwandikia afisa jambo nililosikia ukutani, kwamba afisa atasema wanakijiji wameshajua habari ya mahindi na wametutuma tuseme. Alihitaji chungu chenyewe juu ya mizani. Hata nyumba moja. Nilimkasirikia sana, nikamwambia mizani yake ina roho ngumu, naye akalia, nikalia na mimi, na mpishi akatukuta hivyo akarudi na chai yake jikoni. Asubuhi tulikwenda nyumba hadi nyumba tukiomba, yeye kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. Kila mahali tulikaribishwa vizuri na kuambiwa kwamba wao hawajambo, chakula kipo, Mungu ni mwema. Nyumba moja walituchinjia kuku. Nafikiri alikuwa wa mwisho.

Mayu alifariki kabla mtama haujatoa masuke. Walisema homa, na homa ilikuwepo, lakini mimi nilishaiona mikono yake ilivyoisha ndani ya bangili za shaba. Baadaye Nyanzala alinieleza kwamba tangu mvua zianze, fungu la Mayu nililolipima kwa mikono yangu, nikaliona limetuliwa mbele yake, nikaandika, lilirudi kwenye kapu nilipogeuza mgongo. Siku za majani aliwaambia ameshakula. Mazishi yake yalihudhuriwa na watu wengi, na hata huko, sijui walitoa wapi, waombolezaji walipewa uji. Bibi Mizani alikuja akasimama nyuma, hakujua aweke wapi mikono. Hakupima.

Siku ya tatu baada ya tanga kuanuliwa, mtoto mkubwa wa Nyanzala alikuja barazani kwetu akasema mama anasema uje na mizani. Haikuwa zamu yao. Tulikwenda wote wawili. Nyanzala alikuwa jikoni amefunga kitambaa cheusi kichwani, na mlango wa jiko, ambao siku zote huwa umeegeshwa, aliuacha wazi kabisa, upande wa njia, kila apitaye aone. Motoni kulikuwa na mlenda wa porini na kibonge cha pumba za mtama, kidogo cha kutia huruma. Aliepua. Hakutuambia karibu. Nilijua ilimgharimu kiasi gani kuacha neno hilo.

"Pima," akasema.

Nikapima chungu. Nikapima fungu la mtoto mkubwa, la mtoto mdogo, na la kwake, ambalo mizani karibu haikulitambua. Bibi Mizani aliandika. Nikaanza kukusanya vitu. Nyanzala akainuka, akaenda rafu ya juu, akateremsha bakuli la mti la Mayu, jeusi kwa uzee, akaliweka juu ya sahani ya mizani kwa mikono miwili, kama anavyotengewa chakula mtu mzima.

"Na hili."

Nikamwambia kwa upole kwamba halina kitu ndani.

"Ndicho alichokuwa akila. Pima, Vero."

Nikapima. Nililia wakati napima, sioni namba, na Bibi Mizani akaja kunisaidia kusoma. Nyanzala hakulia. Alisimama wima, anatazama mlango ulio wazi, na wanawake wawili waliokuwa wanapita na kuni walisimama njiani wakaona yote. Mmoja wao alikuwa yule jirani wa kwenye mawe. Alitua mzigo wake chini. Kesho yake alituita kwake, na keshokutwa nyumba mbili nyingine. Wengine hawakufungua mpaka mwisho, na siwalaumu.

Mahindi yaliletwa na lori, njia imejaa matope, yakagawiwa mbele ya nyumba yetu. Yaliokoa watoto wengi, hilo naliweka hapa wazi, na Bibi Mizani aliyapigania mpaka afisa akachoka kumwona. Nyanzala alipokea fungu lake akainama kushukuru, akaondoka haraka. Kuna ndugu wa mumewe ambao hawakumsemesha tena. Walisema alisubiri mama wa watu azikwe ndipo amvue nguo. Mume aliporudi kutoka mkonge, sijui alimwambia nini, maana hilo hakunihadithia kamwe, na nilijua kutouliza. Mavuno yalipoingia Bibi Mizani alirudi kwao. Miaka ikapita, nikiwa mwalimu tayari, nikaletewa kitabu chake kwa posta. Nilikisoma usiku kucha. Ni kitabu kizuri, kina majedwali mengi, na sehemu moja ameeleza habari ya kapu kwa heshima. Nyumba zote humo zimepewa namba.

Urafiki wangu na Nyanzala haukukatika. Nilimtembelea kila likizo, baadaye kila nilipopata nauli, tukazeeka tukitaniana. Habari ya mwaka ule hatukuigusa mpaka mara ya mwisho tulipoonana, miezi michache kabla hajafa. Tulikuwa chumbani kwake, wajukuu wamekwenda kanisani, redio inasema peke yake. Akaizima. Akaniuliza kama lile bakuli la Mayu, siku ile, liliandikwa. Nikasema liliandikwa. Akauliza liko kwenye kile kitabu. Nikasema liko. Akavuta uzi wa shuka.

"Wametaja ni kwa nani?"

"Hapana, mwenzangu. Wameandika nyumba ya tano."

"Na kijiji?"

"Hata kijiji hakikutajwa."

Alishusha pumzi, pumzi ndefu, nikaona mabega yake yanalegea, na nikajua kwamba mwanamke huyu amebeba swali hilo tangu tuko wasichana. Mahindi yalikuja, watoto wake walikua, wajukuu wamesoma, na bado alikuwa anaogopa kwamba huko duniani kuna mtu anayeijua ile nyumba. "Afadhali," akasema. "Mayu angeona haya." Halafu akaniuliza kama nimekula.

Kwa hiyo yeyote atakayesoma haya asisumbuke kukitafuta kijiji chetu njia ya Sikonge; sikukitaja, na namba ya nyumba pia nimeibadilisha. Na akipita makaburini asimtafute Nyanzala. Hilo si jina lake.